Kabla ya Kupaka Rangi, Fungueni Nati

Barua ya wazi kwa wamiliki na mameneja wa viwanja vya bembea vilivyoko ufukweni, kwa wakurugenzi wa halmashauri za miji ya pwani, na kwa wakaguzi wa usalama mahali pa kazi

Waheshimiwa, salamu nyingi.

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, viwanja vya bembea vya pwani huanza kunuka rangi ya mafuta. Farasi huchorwa macho mapya, viti vya gurudumu kubwa hupigwa nyekundu na manjano, treni ya watoto huandikwa jina jipya ubavuni. Idi mosi watoto huja na nguo zao mpya na pesa zao za sikukuu, wakakuta kila kitu kinang'aa, na wazazi waliokuja mwaka jana husema, "Safari hii wametengeneza." Kipya kinyemi, bwana. Lakini mara nyingi kilichofanyika ni kupaka tu.

Tunaandika kama mafundi na waendeshaji wa mitambo hii. Hatutaji kiwanja kwa jina, maana chumvi haibagui kiwanja, na hatuombi hata kimoja kifungwe. Ombi letu ni moja: kazi ya rangi iwe ya mwisho, baada ya nati kufunguliwa, pini kuchomolewa na vyuma kupimwa. Rangi ikitangulia, inaziba yale ambayo jicho la fundi lilipaswa kuyaona: mstari wa kutu kwenye kiungo, ufa mwembamba pembezoni mwa mahali palipochomelewa, nati iliyojizungusha robo.

Uzee wenyewe si kosa. Pale Coney Island, New York, hatua chache kutoka ufukwe wa Atlantiki, gurudumu liitwalo Wonder Wheel linapandisha watu tangu mwaka 1920, na reli ya mbao ya Cyclone tangu 1927. Mitambo hiyo imewazidi umri babu zetu wengi. Wenzetu wa kule wana miezi ya baridi ambayo kiwanja hufungwa, na mafundi hupata nafasi ya kufungua kila kitu. Sisi hatuna theluji, lakini tunayo Ramadhani. Kwa siku 29 au 30 wateja hupungua, mchana watu hawana hamu ya kuzungushwa na njaa, na gurudumu linaweza kusimama bila mwenye mali kupata hasara kubwa. Huo ndio msimu wetu wa karakana, na tunaupoteza kwa kungoja wiki ya mwisho kisha kununua madebe ya rangi.

Kazi yenyewe ianze kabla ya mwezi wenyewe. Beringi, bushi, mnyororo na nati za kipimo maalumu mara nyingi huagizwa kutoka nje, na zikiagizwa Ramadhani zitafika sikukuu imeshapita. Basi orodha ya vipuri itoke mwezi wa Rajabu, pesa zitoke Shaabani. Wiki ya kwanza ya Ramadhani iwe ya kuosha na kufungua. Ya pili ya kupima. Ya tatu ya kubadilisha na kuchomelea. Ya nne ya kujaribu kwa uzito, na hapo ndipo rangi iingie, sehemu kwa sehemu, pale tu ambapo fundi ametia saini. Mafundi wengi wamefunga, kwa hiyo kazi za juu ya ngazi na za nguvu zifanywe asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne, na nyingine baada ya tarawehe penye taa nzuri. Kumpandisha mtu aliyefunga juu ya gurudumu saa nane mchana ni kutafuta ajali ya pili.

Tuanze na kuosha, maana hata hilo hukosewa. Chumvi ikibaki juu ya chuma na rangi ikapita juu yake, chumvi ile huvuta unyevu kupitia kwenye rangi, yanatokea malengelenge, na chini ya lengelenge kutu inakula kwa utulivu kabisa. Kwa hiyo kabla ya grainda na brashi ya waya, osheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Tunasisitiza yasiyo na chumvi kwa sababu visima vingi vya karibu na ufukwe vina maji ya magadi au ya chumvi, yaonjeni tu. Kuosha bembea kwa maji ya kisima hicho ni sawa na kuipaka chumvi kwa mikono yenu. Wekeni tangi la maji ya mvua, au nunueni boza moja. Mkishasaga hadi chuma cheupe, praima yenye zinki iingie siku hiyohiyo, kabla umande haujashuka. Chuma kilichosagwa kikilala wazi usiku mmoja pwani, asubuhi mtakikuta kimeshakuwa cha kahawia. Baada ya praima ndipo epoksi, na juu kabisa rangi ya kuzuia jua. Koti moja la rangi ya mafuta juu ya kutu ni mapambo.

Hatari kubwa zaidi iko pale msipoweza kupaka. Mikono na nguzo za bembea nyingi ni mabomba ya mraba au ya duara, matupu ndani. Mvua huingia kwenye tundu la bolti, chumvi huingia nayo, na kama tundu la chini la kutolea maji limezibwa na rangi au kiota cha nyigu, maji hukaa humo mwaka mzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Tarehe 26 Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, mtambo wa kuzungusha watu ulikatika mkono ukiwa hewani. Kijana mmoja wa miaka 18 alifariki na wengine saba wakaumia. Mtambo ulikuwa na umri wa miaka 18 pia, na ulikuwa umekaguliwa ukapewa ruhusa siku hiyohiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba kutu ilikuwa imekula bomba la kubebea viti kutoka ndani hadi ukuta wake ukawa mwembamba mno. Kwa nje palikuwa na rangi. Na Ohio haina hata bahari.

Namna ya kulikamata tatizo hili si ngumu. Kwanza, kila bomba liwe na tundu la chini la milimita 8 hadi 10, nanyi mlizibue kwa waya kila mwezi. Likitoa maji ya kahawia mjue kuna kazi ndani. Lakini tundu jipya lisitobolewe ovyo karibu na kiungo kilichochomelewa, mhandisi aonyeshe mahali. Pili, gongeni kwa nyundo ndogo urefu mzima wa bomba: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya debe bovu. Nyundo ni dalili tu. Kipimo cha kweli ni kile kifaa kidogo cha kupima unene kwa mawimbi ya sauti, kinachoshikwa mkononi, ambacho mafundi wa mabomba ya mafuta na wa meli bandarini wanacho. Kikodisheni kwa siku mbili. Pimeni kila bomba mahali panne kuzunguka, karibu na viungo na sehemu ya chini kabisa, kisha andikeni namba kwenye mchoro. Bomba la ukuta wa milimita 5 likisoma 4.5, limeshapoteza sehemu moja ya kumi. Kama kitabu cha mtengenezaji kipo, fuateni kikomo chake. Kama hakipo, hapo simamisheni mtambo hadi mhandisi akokotoe. Msimruhusu mtu kuchomelea kibati juu ya mahali palipoliwa na kusema pamekuwa imara. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma cha pembeni, na ufa unaofuata huanzia pembezoni mwa kibati hichohicho.

Nyufa nazo zina dawa yake. Kwenye kila kiungo kinachobeba kiti, ondoeni rangi yote, safisheni kwa kisafishaji hadi kitambaa kitoke cheupe, pakeni ile rangi nyekundu ya kupenya, subirini dakika 10 hadi 20, kisha futeni kwa kitambaa kilicholowanishwa kisafishaji kidogo. Usipulize kisafishaji moja kwa moja juu ya chuma, maana kitaitoa rangi hadi ndani ya ufa. Halafu pulizeni unga mweupe na mngoje dakika kama kumi. Palipo na ufa patatoka uzi mwekundu, mwembamba kama wa kushonea. Makopo matatu, kazi ya asubuhi moja, na mtoto hapandi kiti chenye ufa.

Sasa nati na pini, ambako ubahili huonekana zaidi. Koti pini, ile pini inayokunjwa kuzuia nati isifunguke, hutumika mara moja. Ikishakunjuliwa itupwe, hata kama inaonekana nzima, maana chuma kilichokunjwa mara mbili hukatika mara ya tatu. Nati yenye pete ya nailoni vilevile: ikizunguka kwa vidole hadi mwisho, nailoni yake imekwisha, haishiki kitu. Na msichanganye vyuma. Bolti ya stenlesi ikifungwa kwenye alumini au chuma cha kawaida, ikapata maji ya chumvi katikati, vyuma viwili hivyo vinakuwa kama betri, na kinacholiwa ni kile dhaifu. Wekeni pete bapa (washa) na bushi za plastiki ngumu kati yao. Stenlesi yenyewe zipo aina: ile ya 304, inayouzwa kila duka la vyuma, pwani hupata vishimo vya kutu baada ya muda, ya 316 ndiyo huvumilia chumvi vizuri zaidi. Muuzaji akisema "stenlesi ni stenlesi", muulizeni namba.

Nati ikishakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, pigeni mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Hiyo ndiyo rangi pekee tunayoomba itangulie. Asubuhi mwendeshaji akipita na kuona mstari umevunjika, nati imejizungusha, na mtambo haufunguliwi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuuona mstari uliovunjika, na ndiyo maana tunaupenda.

Minyororo ya bembea za kuzunguka ipimwe kwenye kona za pete, pale zinaposuguana, wala si ubavuni. Pete ya milimita 8 ikifika 7.2 ibadilishwe, na ibadilishwe minyororo yote ya kiti kile, maana kiti chenye mnyororo mpya na mkuukuu huning'inia upande. Penye waya wa chuma, pitisheni pamba au kitambaa chakavu urefu mzima. Kinaponasa pana nyuzi zilizokatika. Klampu zake ziwe tatu au zaidi, na ile sehemu yenye umbo la U ikae upande wa ncha iliyokunjwa, isikae upande unaovuta. Tumeona zimefungwa kinyume mahali pengi mno, na waya hubanwa ukakatika hapohapo. Mjini London mwaka 1972, katika kiwanja cha Battersea, waya wa kuvuta treni ya kuteremka ulikatika, na breki ya kuzuia isirudi nyuma haikushika. Watoto watano walifariki. Kama mna kitu chochote kinachovutwa kupanda mlima, hata kiwe kidogo, ijaribuni breki ya kutorudi kwa viroba, ikiwa katikati ya mlima, kila msimu.

Viroba ndivyo hivyo vya mchanga, kilo 75 kwa kila nafasi ya mtu mzima. Mtambo uliofunguliwa na kufungwa tena haupandishi binadamu kabla haujazunguka na viroba: kwanza umejaa, kisha upande mmoja tu, maana gurudumu lililoelemea upande mmoja hutesa breki na gia boksi kuliko lililojaa. Simamisheni ghafla mara kadhaa kwa kitufe chekundu. Kisha pimeni tena nati.

Hapo kwenye kuelemea tukae kidogo, kwa sababu kosa hili hufanywa kila sikukuu. Gurudumu la viti 12 vya watu wawiliwawili likijazwa kwa kufuata foleni, kiti cha 1, cha 2, cha 3 na kuendelea, katikati ya ujazaji upande mmoja una watu 12 na upande wa pili una hewa. Mota inavuta kwa shida, mkanda unateleza, na mwendeshaji anasaidia kwa mkono. Jazeni 1 kisha 7, 4 kisha 10, halafu za katikati kwa mtindo huohuo wa kukabiliana; kushusha vilevile. Kunachukua dakika chache zaidi. Na hizo dakika chache ndizo zinazokosekana pale mwendeshaji anapolipwa kwa idadi ya tiketi. Kijana wa kibarua cha siku nne, anayelipwa kwa mzunguko, atafunga mkanda wa mtoto kwa haraka na kujaza kwa foleni. Mlipeni kwa siku. Mtu wa tiketi awe mwingine.

Umeme ukikatika watu wakiwa juu, nini kinafanyika? Kila kiwanja kina jibu la mdomo. Breki inayotakiwa ni ile inayoshikwa na springi na kuachiwa na umeme, ili umeme ukipotea ijifunge yenyewe. Kisha pawe na mpini wa kuzungushia kwa mkono, unaojulikana ulipo, uliopakwa grisi, si uliotupwa nyuma ya kibanda cha jenereta. Viti 12 kwa dakika tatu kila kimoja ni dakika 36. Fanyeni zoezi hilo Ramadhani, saa mkononi, usiku. Na kwenye kibanda cha umeme, kile kikatio cha miliampia 30 kinacholinda mtu asipigwe na shoti kina kitufe cha majaribio: kibonyezeni kila asubuhi. Kama hakikatiki, kimekufa kwa chumvi, na vigari vya watoto vinavyokaa kwenye bati lililolowa havifunguliwi siku hiyo.

Tumezungumza chuma kirefu. Sasa bahari, ambayo wapangaji wengi wa sikukuu huisahau ingawa ipo mbele ya lango lao. Idi ya Mfunguo Mosi huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvu, yaani maji makubwa. Pwani yetu, kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja, maji ya bamvu hujaa jioni kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu hivi, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Saa hizohizo ndizo familia zinatoka: jua limepungua, alasiri imesaliwa, watoto wameshalala kidogo mchana. Kwa hiyo kila Idi ndogo, bila kukosa, ufukwe unatoweka wakati watu wanapozidi. Waliokuwa mchangani wakicheza mpira na kula mihogo wanapanda wote kwenye kiwanja cha bembea, na mawimbi yanapiga ukuta na kurushia chumvi vigari na masanduku ya umeme. Idi ya Mfunguo Tatu haiko hivyo. Huwa tarehe kumi ya mwezi mwandamo, maji yanaelekea kuwa mafu, yaani madogo, na jioni ufukwe ni mpana. Anayepanga walinzi na malango kwa hesabu ileile ya Idi zote mbili hajaitazama bahari.

Basi hesabuni watu langoni. Si kwa makadirio ya tiketi, kwa kuwa watoto wadogo huingia bure na wengine huruka ukuta. Kijana mmoja na kihesabio cha kidole kwenye kuingia, mwingine kwenye kutoka. Na pimeni malango. Kipimo kinachotumiwa kwenye viwanja vya mpira Uingereza ni watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana wa njia tambarare. Lango la mita 1.2 linatoa watu kama 98 kwa dakika. Wakiwemo watu 3,000 na moto ukatokea kwenye jiko la mishkaki, watahitaji zaidi ya nusu saa kutoka. Kuwatoa kwa dakika 8 kunahitaji malango yenye jumla ya upana wa mita 4.6, yafunguke kwa nje, bila kufuli, bila meza ya tiketi katikati, bila gari la madafu mbele yake. Tusiulizwe kwa nini tunahangaika na hesabu hizi. Idi ya Mfunguo Mosi ya mwaka 2008, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walifariki katika ukumbi wa disko la watoto uliojaa kupita uwezo wake. Hapakuwa na mtambo wowote pale. Palikuwa na watu wengi na hewa kidogo.

Mavazi. Mabango mengi yamenakiliwa kutoka nchi nyingine yanakataza "nguo zinazopepea". Sasa nguo ya pwani isiyopepea ni ipi? Baibui, mtandio, kanga, kanzu ya mtoto ya sikukuu, zote hupepea. Msimwambie mama avue baibui lake, funikeni ekseli. Kila mnyororo, puli na ekseli iliyo karibu na mguu wa abiria iwe na kifuniko cha bati kisichopitisha kidole, na kwenye vigari vidogo vya kukimbia kifuniko hicho kishuke hadi chini ya kiti. Mtandio wa mtoto ufungwe nyuma kwa pini, na pini hizo ziuzwe au zitolewe hapo kwenye foleni. Kipimo cha urefu wa mtoto kiwe ubao wa kudumu uliopigiliwa, sio mkono wa mwendeshaji, ambao hushuka kadiri foleni inavyopungua.

Yale majumba ya upepo ya kurukia watoto yaonekana ndiyo salama kuliko yote. Siyo. Mwezi Desemba 2021 mjini Devonport, Tasmania, upepo uliinua jumba la aina hiyo shuleni na watoto sita walifariki. Jumba lisimamishwe upepo ukipita kilomita 38 kwa saa, na kusi la mchana linaweza kufika karibu na hapo. Nunueni kipima upepo cha mkononi, msipime kwa kutazama minazi. Ufukweni vigingi havishiki. Vile vya milimita 380, vinavyofaa kwenye udongo mgumu, mchangani mtoto huving'oa. Kila tundu la kufungia lining'inizwe uzito usiopungua kilo 163, yaani mifuko minne ya saruji ya kilo 50, na matundu hayapungui sita. Ndiyo, mifuko 24 kwa jumba moja. Anayeona ni mingi asilisimamishe jumba hilo ufukweni.

Kwenye mabwawa na mitelezo ya maji tutapita haraka, kwa kuwa wahudumu wa hoteli wanayajua vizuri. Klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.8, na sikukuu ipimwe kila saa mbili, si asubuhi tu, maana watoto 200 na mafuta ya nazi huimaliza klorini kabla ya adhuhuri. Usipoona kichujio cha chini kabisa cha bwawa ukiwa umesimama ukingoni, bwawa lifungwe. Mtoto akijisaidia majini choo kigumu, watu watoke, kinyesi kiondolewe, klorini ikae 2 kwa dakika 25 na pH isizidi 7.5. Akiharisha, bwawa hilo limekwisha kwa siku hiyo: 20 kwa saa 12 na dakika 45. Mtelezoni mtu wa pili asiachiwe kabla wa kwanza hajatoka majini, na kila asubuhi mfanyakazi ateleze mwenyewe taratibu akipapasa maungio kwa kitambaa, si kwa kiganja.

Kwenu halmashauri na wakaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2003, kama ile ya Kenya ya mwaka 2007, haimlindi mfanyakazi peke yake. Inataja pia watu wengine wanaoweza kudhurika na kazi inayofanyika mahali hapo. Mtoto aliyekaa kwenye kiti cha bembea ni mmoja wao. Kwa hiyo msitoe kibali cha sikukuu kwa kutazama risiti ya kodi na rangi mpya. Ombeni vitu vitatu mezani: daftari la vipimo vya unene lenye namba, kitabu cha mtengenezaji au ripoti ya mhandisi pale kitabu kilipopotea, na majina ya waendeshaji waliofanya zoezi la kushusha watu. Mitambo mingi imenunuliwa ikiwa imeshatumika, ikaja kwa kontena bila karatasi. Mwenye mali alipie mhandisi aichore upya. Mkitaka kipimo cha kimataifa kipo, ISO 17842, na sehemu yake ya tatu inahusu ukaguzi. Na mje Ramadhani wiki ya pili, nati zikiwa zimefunguliwa. Mkaguzi anayekuja siku ya mwisho ya maandalizi, Idi kesho, atakagua rangi tu, na hatakuwa na ujasiri wa kufunga kiwanja watu wakiwa langoni.

Siku zenyewe za sikukuu ukaguzi uwe mara mbili. Wa kwanza alfajiri, kabla ya swala ya Idi, mtambo kwa mtambo: mistari ya nati, koti pini, mikanda, kitufe chekundu, mizunguko mitatu mitupu huku fundi akisikiliza. Wa pili uwe Magharibi. Adhana ikilia watu hupungua wenyewe, na mnapata kama dakika ishirini ambazo hakuna atakayelalamika mtambo umesimama. Tumieni hizo dakika kushika beringi kwa kiganja. Inayounguza imekauka grisi na haiendi hadi saa nne usiku.

Mwisho, tunaomba ubao mmoja langoni, mkubwa kama ubao wa shule, unaoandikwa kwa chaki kila asubuhi: jina la mtambo, umekaguliwa saa ngapi, na fundi gani, uko wazi au umefungwa, na idadi ya watu ambao kiwanja kinachukua. Mzazi asome kabla hajalipa. Mtambo uliofungwa uandikwe sababu yake waziwazi, "beringi" au "upepo" au "unangoja kipuri". Kwa Idi ijayo tuko tayari kuja na kifaa cha kupima unene na makopo yetu matatu kwenye kiwanja chochote kitakachotuita kabla ya mwezi kumi na tano wa Ramadhani. Baada ya hapo rangi itakuwa imeshaanza, nasi tutalazimika kuja na grainda.

Wenu,
Mafundi na waendeshaji wa mitambo ya bembea, ukanda wa pwani